UZI: Mtoto akisomea shule ya mtandaoni, miaka ya mbele anakuwa wapi? Wazazi wa Mombasa tuzungumze

#1 MwalimuKisauni

Wadau, salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tangu watoto wa kwanza wa Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, waitwe shuleni Januari 2026, wazazi wengi wa hapa Mombasa wamenijia na swali moja. Mtoto kapangiwa bweni mbali, karo na nauli zinatisha, na kuna shule ya mtandaoni ya mtaala wa Uingereza ambayo matangazo yake yajaa kwenye simu. Mtoto abaki nyumbani, asome kwa laptopu, mwishowe afanye mtihani wa nje. Je, tumpeleke?

Wengi huishia kwenye karo na bando. Mimi naomba tuangalie mbele zaidi. Huyu mtoto akifika miaka ishirini na mbili, atakuwa na cheti? Cheti chenyewe kitakubaliwa? Atakuwa chuoni, kazini, au maskani tu?

Nafundisha tuisheni ya hesabu Kisauni na Bombolulu, na miongoni mwa wanafunzi wangu wamo wa shule hizi. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubali anijibu. Shule ya mtandaoni peke yake haitoshi kumfikisha mtoto wa miaka kumi na minne popote. Kinachoamua mwisho wake ni mambo mawili: kuwe na mtu mzima anayemjua na anayemfuatilia kila siku ya masomo, na njia ya mtihani na cheti iwe imetengenezwa kabla hajaanza. Vikikosekana, mtoto huachwa nyuma kimyakimya, na mzazi huja kujua mwaka wa kusajili mtihani.

Wenzetu Marekani wameanza zamani, kwa hiyo wana cha kutuonyesha. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha CREDO katika Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa ripoti kuhusu shule za mtandaoni za kutwa nzima zinazolipiwa na serikali. Walimchukua mwanafunzi wa mtandaoni wakamlinganisha na mwenzake wa shule ya kawaida mwenye alama zilezile za awali na hali inayofanana. Kwa mwaka mmoja, wa mtandaoni alikuwa nyuma kwa kiasi cha siku 72 za masomo katika kusoma na siku 180 katika hesabu. Na mwaka wa shule waliopimia ni wa siku 180. Yaani kwa hesabu, ni kama mwaka mzima haukusomwa. Walipotoa ripoti nyingine mwaka 2023, pengo lilikuwa siku 58 za kusoma na 124 za hesabu. Limepungua, lakini mzazi gani atakubali mtoto wake apoteze siku 124?

Sababu moja ilitajwa na watafiti wa shirika la Mathematica, walioshiriki kazi ile ya 2015. Muda ambao mtoto wa mtandaoni alifundishwa na mwalimu moja kwa moja kwa wiki nzima ulikuwa mdogo kuliko ule ambao mwenzake wa darasani aliupata kwa siku moja. Isomeni tena hiyo. Wiki nzima, kwa siku moja.

Halafu kuna kisa cha Ohio. Shule iitwayo ECOT, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilikua ikawa miongoni mwa shule kubwa kabisa za mtandaoni Marekani. Serikali ya jimbo ilipodai ushahidi kwamba wanafunzi waliolipiwa walikuwa wakisoma kweli, ushahidi haukutosha, na shule ikaamriwa irudishe mamilioni ya dola. Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, na watoto kama 12,000 wakaanza kutafuta shule upya.

Sasa nije nyumbani. Kuna kijana ninayemfundisha Bombolulu. Asubuhi moja niliwahi, nikamkuta kwenye somo la kemia, nikakaa pembeni. Laptopu iko juu ya meza ya kulia chakula, kamera imezimwa, jina lake limo kwenye orodha ya waliohudhuria. Mwalimu, ambaye yuko nchi nyingine, anauliza swali. Wenzake wanaanza kuandika majibu. Kijana wangu anasubiri mpaka majibu matatu yafanane, ndipo naye anaandika lilelile. Mfumo unamwandikia kwamba ameshiriki. Nikavuta daftari lake. Tarehe imepigiwa mstari kwa rula, kichwa cha somo kimeandikwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake hamna kitu. Nikafungua kurasa za nyuma: tarehe na kichwa, tarehe na kichwa, mpaka mwanzo wa muhula.

Mamake huwa Kongowea sokoni tangu alfajiri. Ripoti aliyotumiwa inasema mahudhurio ni mazuri sana, na ni kweli, mtoto aliingia kila siku. Lakini hakuna mtu aliyelifungua lile daftari. Darasani mwalimu angepita kati ya madawati, angeliona wiki ya kwanza.

Karibuni. Hasa waliomaliza shule hizi, tunataka kusikia mlipofika.

#2 BintiKibokoni

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa waliomaliza, na nimefurahi kwamba umeuliza.

Nina ugonjwa wa seli mundu. Wanaoujua hapa Pwani wanaelewa: wiki hii uko darasani, wiki ijayo umelazwa, ukirudi wenzako wako sura nyingine. Shule ya kawaida nilirudia darasa, nikachoka, nikataka kuacha kabisa. Mtandaoni masomo yalirekodiwa. Nikiumwa, nililala, nikipata nafuu, niliyafuata hata saa nne usiku. Hakuna aliyenifokea kwa kukosa gwaride.

Lakini sitawaficha. Kila siku baada ya alasiri bibi yangu mzaa mama aliketi nami barazani. Hajui kemia hata chembe. Aliniambia, "Nieleze ulichosoma leo," na nikishindwa kumweleza ananituma nirudi nikasome tena. Na mjomba wangu alishughulikia kituo cha mtihani mapema sana, akaenda mwenyewe mpaka kwenye ofisi akauliza masharti, hakungoja kuambiwa na shule.

Sasa niko chuo, nasomea diploma, mwaka wa pili. Katika kikundi chetu cha mtandaoni tulianza wengi. Waliofika kwenye mtihani niliowajua hawakuwa hata nusu. Wengine hawakuaga, majina yao yalipotea tu kwenye orodha.

#3 Abu_Changamwe

Naona uzi unaegemea upande mmoja. Nina hoja mbili, mwalimu unisamehe.

Kwanza, wanaokwenda shule hizo ni watoto gani? Wagonjwa, walioonewa shuleni, walioanguka, waliofukuzwa. Ukipima mgonjwa utasema hospitali ndiyo iliyomuumiza? Hizo takwimu za Marekani haziwezi kuwa za haki.

Pili, mnazungumza kana kwamba bweni ni salama. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto bwenini kule Endarasha, Nyeri. Mimi ni baba. Tangu siku ile, mwanangu kulala mbali nami ni jambo zito. Nikimweka nyumbani namwona kwa macho yangu, namjua anakula nini na anaswali wapi. Hilo nalo si la kudharau.

#4 MwalimuKisauni

@BintiKibokoni, marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie afya. Bibi yako amefanya kazi ya mwalimu, na kaifanya vizuri kuliko mifumo mingi ya kompyuta inayoandika tu kwamba mtoto ameshiriki.

@Abu_Changamwe, kaka, kuhusu bweni sina la kukupinga. Hofu yako ni ya haki na wala sisemi mtoto apelekwe bweni kwa lazima. Shule ya kutwa iliyo karibu ipo pia, na kuomba uhamisho kunaruhusiwa.

Hoja ya kwanza ni nzuri, na ndiyo maana CREDO hawakulinganisha ovyo. Walitafuta mwenzake mwenye alama za awali zinazofanana. Bado hilo halimalizi kila kitu, kwa sababu mtoto aliyevunjika moyo haonekani kwenye alama pekee. Kwa hiyo tazama utafiti wa Chicago. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walioanguka aljebra walitakiwa kuirudia wakati wa likizo ya kiangazi, na waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa kwa kompyuta, hawa na mwalimu darasani. Wa kompyuta waliona somo gumu zaidi na waliopasi walikuwa wachache zaidi. Hapo huwezi kusema waliochagua mtandao walikuwa dhaifu, kwani hawakuchagua. Ila niwe mkweli kwenu: baadaye, katika safari yao ya kumaliza shule, tofauti hiyo haikuonekana tena. Ilikuwa kozi moja ya likizo tu. Ninachokiogopa mimi ni mtoto kukaa hivyo miaka minne.

Na nyumba pia hazifanani. Uholanzi shule zilifungwa wiki kama 8 mwaka 2020. Nchi tajiri, intaneti ya kasi karibu kila nyumba. Watafiti wakakuta wanafunzi wamepoteza kiasi cha moja ya tano ya mwaka wa masomo, karibu sawasawa na muda wenyewe wa kufungwa. Kana kwamba kusomea nyumbani hakukuwaongezea chochote. Na katika nyumba ambazo wazazi hawakusoma sana, hasara ilizidi kwa hadi asilimia 60. Kama Uholanzi ni hivyo, Mishomoroni itakuwaje?

#5 Mama_Likoni

Mwalimu umenikumbusha mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi, wengine wakarudi Oktoba, wengine mpaka Januari 2021. Watoto wangu watatu, simu moja, na simu ni ya baba yao anayeondoka nayo kuvuka feri asubuhi. Masomo ya redio na televisheni ya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, yalikuwepo, sikatai, lakini stima ikipotea au tokeni zikiisha somo limekwenda.

Na jambo linaloniuma ni hili: nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zatia nanga hapa hapa kwetu. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Intaneti ya nchi nzima na ya majirani yapita mlangoni mwetu, na mtoto wa Likoni anahesabu megabaiti ili amalize video moja ya hesabu.

Mkubwa wangu hakurudi shule baada ya pale. Sasa yuko kwenye bodaboda. Namwombea dua kila siku, ni mtoto mwema, lakini alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili.

#6 Tudor_Kreki

Poleni mama. Mimi nitoe upande wa watu wazima maana naona umesahaulika. Nafanya kazi za zamu huku bandarini na nasomea digrii kwa mtandao. Bila mtandao nisingesoma kabisa. Serikali nayo imeona hivyo, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa Agosti 2023 pale Konza, na masomo yake ni ya mtandaoni. Tusiwatishe watu.

#7 MwalimuKisauni

@Mama_Likoni, pole sana mama. Hilo la nyaya za baharini limenichoma nami. Na kijana wako bado ana nafasi, nitaligusa hapo chini.

@Tudor_Kreki, hapo tuko pamoja kabisa. Kwa mtu mzima mwenye kazi na anayejua anachokitafuta, mtandao umefungua milango. Georgia Tech kule Marekani ilianzisha shahada ya uzamili ya kompyuta kwa mtandao mwaka 2014, kwa bei ndogo sana. Watafiti wakakuta waombaji wake wana wastani wa miaka 34, wakati wale wa darasani ni 24. Wengi wasingesoma pengine popote kama isingekuwepo.

Lakini hata chuoni, mwanafunzi dhaifu huumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu chuo cha DeVry cha Marekani, chenye kozi zilezile kwa mtandao na darasani, ulionyesha kwamba kuchukua kozi kwa mtandao kulishusha alama, na baadaye mwanafunzi alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa bado anasoma. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na alama za chini tangu awali. Wewe uko kazini, una nidhamu ya zamu. Mtoto wa Gredi ya 10 bado anaijenga, na hiyo haijengwi na kamera iliyozimwa.

#8 Mzazi_Mtwapa

Asalaam aleikum. Nimesoma kila neno na moyo unanienda mbio. Wangu ameshaanza, muhula wa pili huu. Karo nimelipa na hairudishwi. Baba yake yuko Ghuba, mimi nafanya kazi hotelini, zamu zabadilika. Shule inanitumia ripoti nzuri. Nifanye nini sasa? Nimtoe?

#9 MwalimuKisauni

Waaleikum salaam, mama. Usimtoe leo, lakini pia usibweteke kwa sababu ripoti ni nzuri. Nitakuambia ninachowaambia wazazi wa wanafunzi wangu mwenyewe.

Leo usiku chukua daftari lake. Si laptopu, daftari. Mwambie akueleze somo moja la wiki hii kwa maneno yake, kama bibi wa @BintiKibokoni. Huna haja ya kuijua fizikia. Mtoto aliyeelewa hueleza. Asiyeelewa huanza kusoma maandishi ya mtu mwingine, na utamsikia sauti inabadilika. Kisha mpe hesabu tatu za muhula uliopita azifanye kwa kalamu mbele yako, simu ikiwa mbali.

Wiki hii, ulizia mtihani. Shule nyingi za aina hii hufundisha tu. Mtihani wa IGCSE, ule wa sekondari wa mtaala wa Uingereza, hufanyiwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, na mtoto husajiliwa hapo kama mtahiniwa binafsi. Uliza kituo ni kipi hapa Mombasa, usajili hufungwa mwezi gani, ada ya kila somo ni kiasi gani, maana ada hiyo mara nyingi haimo kwenye karo uliyolipa. Uliza pia sayansi: maabara atafanyia wapi, au atafanya karatasi mbadala ya maandishi? Chuo anachokitaka baadaye kinaikubali? Nimeona wazazi wakiyauliza haya mwaka wa mwisho, wakakuta usajili umefungwa, na kijana akakaa nyumbani mwaka mzima akiwa amemaliza silabasi yote. Hapo ndipo vijana wengi hupotea, katikati ya kumaliza masomo na kushika cheti.

Na cheti cha nje kinahitaji kulinganishwa rasmi na viwango vya hapa kabla vyuo na waajiri wa Kenya hawajakipokea. Mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo, KNQA, ndiyo yenye kazi hiyo. Weka nakala za kila kitu tangu sasa: ripoti, stakabadhi za malipo, barua ya kupokelewa.

Kuhusu zamu zako, hapa ndipo naomba unisikilize sana. Tafuta mtu mzima mmoja. Shangazi, jirani, ustadhi wa madrasa, mwalimu mstaafu wa mtaani. Kule Australia, watoto wa mashamba ya mbali wamesoma kwa redio tangu 1951 kupitia shule ya Alice Springs, na siku hizi kwa intaneti. Mpango wao tangu zamani una mtu mzima nyumbani anayeketi na mtoto wakati wa masomo, mara nyingi mzazi au mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na watoto hukutanishwa ana kwa ana mara kadhaa kwa mwaka. Hawakumwachia mtoto redio wakaondoka.

Kama mtu wa kuketi naye hapatikani, hata simu husaidia. Botswana mwaka 2020, shule zilipofungwa, watafiti waligawa familia kama 4,500. Baadhi walitumiwa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe huo na pia kupigiwa simu ya dakika kama 20 kwa wiki, mwalimu akizungumza na mzazi na mtoto. Ujumbe peke yake haukuleta mabadiliko ya maana. Waliopigiwa simu waliongeza ujuzi wa hesabu waziwazi. Dakika ishirini kwa wiki, kwa simu ya kawaida, bila bando.

Ukishayafanya haya na bado daftari liko tupu mwisho wa muhula, mtoe. Karo iliyolipwa imekwenda. Miaka ya mtoto bado iko mkononi mwako. Tafuta shule ya kutwa iliyo karibu hata kama haina jina.

@Mama_Likoni, kuhusu kijana wa bodaboda. KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, hufanywa pia na watahiniwa binafsi watu wazima, na vyuo vya ufundi hapa pwani vina kozi ambazo hazidai alama kubwa. Mwambie anitafute humu kwenye ujumbe wa faragha, nimsaidie kupanga masomo ya kuanzia. Aliyekuwa wa kwanza kwa Kiswahili ana pa kuanzia.

#10 Abu_Changamwe

Mwalimu, la bahati nasibu ya Chicago limenifunga mdomo, nakubali. Nina chumba juu ya duka langu Changamwe, kina stima na wifi, asubuhi hakitumiki mpaka adhuhuri. Wazazi watano sita wakiwa tayari, watoto wao wa mtandaoni waje wasomee hapo pamoja, na tumlipe mwalimu mmoja mstaafu aketi nao, awe anafungua madaftari. Wasichana na wavulana tutawapangia siku zao.

#11 Mzazi_Mtwapa

Nimelifungua daftari. Hesabu mbili kati ya tatu zimemshinda, na alilia. Tumekubaliana ataanza nami kesho baada ya zamu yangu ya asubuhi. Kaka Abu, Mtwapa hadi Changamwe ni mbali, nauli itanishinda, lakini kama yuko mwenye chumba upande wa Shanzu au Bamburi mwalimu tuko tayari kumchangia.

#12 BintiKibokoni

Mama wa Mtwapa, mimi huwa Bamburi kwa shangazi Jumamosi na Jumapili. Hesabu ya IGCSE naikumbuka vizuri. Niandikie.